Cheti cha Konstebo Tonny

Cheti kilitundikwa juu ya kabati la faili, mahali ambapo kila aliyeingia ofisi ya upelelezi alilazimika kukiona, apende asipende. Sajini Khaemba alikuwa amekipita majuma mawili bila kukisoma. Si kwamba kusoma hakujui. Alifika darasa la saba, na mengine alifundishwa na miaka ishirini na miwili ya kuvaa sare. Ni jicho tu lililokataa. Cheti cha kozi ya alama za vidole, jina la Konstebo Tonny kwa maandishi ya kupindapinda, kijana aliyetoka chuo cha polisi cha Kiganjo juzi, ambaye mamake ni dada wa mkuu wa kituo, OCS Wekoye.

Lakini Ijumaa hiyo, tarehe ishirini na nane Julai, mwaka wa 2006, alikisoma. Alikisoma kwa sababu faili iliyokuwa mbele yake ilikuwa imemkwama kooni.

Faili ilikuwa ya Mzee Ngari, mwenye duka la mbolea na mbegu karibu na kituo chao cha Machinjioni, upande wa chini wa mji wa Kitale. Usiku wa Jumapili tarehe tisa, watu wawili walimvamia, wakampiga na chuma kichwani. Siku ya tatu akafa hospitalini. Mkewe, Wacera, aliona migongo tu. Polisi wakaingia mtaa wa Kipsongo, wakazoa wanaume thelathini na mmoja, wakawachovya vidole kwa wino, na karatasi zote zikapelekwa Nairobi pamoja na kadi moja ya alama iliyochukuliwa dirishani kwa marehemu. Jumanne jibu likaja. Kidole gumba cha kulia cha mtu anayeitwa Ekai, mbeba magunia.

Jumatatu asubuhi Ekai angesomewa wizi wa mabavu. Adhabu ya kosa hilo kila askari aliijua, na kila mtu wa Kipsongo pia. Ilikuwa kamba.

"Wewe funga tu hiyo faili," OCS Wekoye alikuwa amemwambia. "Kazi ya akili Tonny alishamaliza."

Khaemba akasoma tena karatasi ya Tonny. Alama ilichukuliwa kwenye kioo cha dirisha la mbele, Jumatatu tarehe kumi Julai, saa tatu asubuhi. Akainua macho ukutani. Kozi ilifanyika Bungoma, kuanzia tarehe tatu hadi kumi na nne Julai. *Amehudhuria siku zote kumi.*

Akahesabu kwa vidole, polepole, kama mtu anayeogopa kukosea mbele ya mwalimu. Tarehe kumi ilikuwa katikati kabisa ya kozi. Mtu mmoja, asubuhi moja, Bungoma na Kitale.

Akafunga faili akaenda seli.

Ekai alikuwa ameketi sakafuni, miguu mirefu imekunjwa. Mtu wa miaka arubaini hivi, mabega yamechubuka kwa magunia.

"Ekai, dirisha la Ngari uliligusa lini?"

"Dirisha ya nini, afande? Mimi nabeba gunia, napita kwa mlango."

"Kidole chako kimepatikana huko."

Ekai akanyoosha mikono yote miwili. "Kidole yangu iko hapa. Hesabu. Zote kumi."

"Usinichezee. Jumatatu unaenda kortini, na hiyo si kesi ya kulewa chang'aa."

"Uliza yule kijana yenu, yule mrefu. Yeye ananijua. Ni rafiki yangu huyo, hata alininunulia soda hapa hapa kituoni."

"Soda?"

"Ya machungwa. Lakini hakuniacha nimalize. Ilifika nusu akaninyang'anya."

"Nani anakuuliza mambo ya soda?" Khaemba alifoka, akabamiza mlango. Mtu anatafutiwa kamba, yeye analilia soda.

Khaemba alimpata Tonny nje, akichezea simu.

"Niaje, Sajini."

"Tarehe kumi Julai ulikuwa wapi?"

"Si nilikuwa kwa Ngari, kwa scene."

"Na cheti kinasema ulikuwa Bungoma."

Tonny akacheka, lakini macho yake yalitazama pembeni. "Aah, Sajini, hiyo ni maneno ya wakubwa bana. Uliza mjomba."

Hapo ndipo Khaemba alipoanza kunusa kitu kibaya. Kijana huyu amenunuliwa, akajiambia. Wauaji wako nje, wamemtupia kitu, naye akawatafutia mtu wa Kipsongo asiye na wa kumsemea.

Aliomba ruhusa ya siku moja. Alisema anaenda nyumbani Bungoma kupalilia kaburi la mkewe.

"Nekoye?" OCS hakuinua kichwa. "Si ni miaka miwili sasa? Bado tu?"

"Bado, afande."

Alipomzika, kazini walimpa siku tatu, na ya tatu wakampigia simu arudi kulinda mkutano wa hadhara. Khaemba alipiga saluti akatoka.

*

Kozi ilikuwa imefanyika katika ukumbi wa kanisa, karibu na reli. Mtunza ukumbi, mzee mwenye funguo nyingi kuliko milango, alitoa daftari la mahudhurio bila kuuliza maswali mengi.

"Wanasaini kila asubuhi?" Khaemba aliuliza.

"Inatakiwa hivyo."

Majina yalikuwa kumi na nane, na mbele ya kila jina visanduku kumi. Khaemba aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Kalamu ya bluu, kesho yake nyeusi, siku ya nne ilikauka katikati ya jina ikamaliziwa na nyekundu. Mstari wa pili hivyo hivyo. Ndivyo watu wanavyoandika wakiandika siku kumi. Alipofika kwa Tonny akasimama. Sahihi kumi, zote kijani, zote zimelala upande mmoja kama nyasi iliyopigwa na mvua.

"Huyu alisaini zote siku moja."

"Wako wengi hivyo," mzee alisema bila haya. "Jumatatu mtu anasaini mpaka Ijumaa ya wiki ya pili, ndio asisumbuke. Wakubwa wanataka daftari ijae. Imejaa."

"Mwalimu wao alikuwa nani?"

"Inspekta Nanyama. Alistaafu, siku hizi anakaa Myanga. Lakini ukienda, jipange. Huyo mama mdomo wake ni kiwembe."

Khaemba alichukua baiskeli ya boda. "Myanga ni mbali, mzee," kijana wa boda alilalamika, akakanyaga hivyo hivyo. Njia nzima Khaemba alikuwa akiipanga kesi yake: Tonny aliondoka lini, alikutana na nani, alipewa nini. Ilikuwa njama nzuri, ina mwanzo na mwisho.

Inspekta mstaafu Nanyama alikuwa akitawanyia kuku mahindi. Mwanamke wa miaka sitini, amesimama wima utafikiri bado yuko gwarideni. Khaemba alipiga saluti kabla hajajua mkono wake unafanya nini.

"Teremsha mkono, Sajini. Kuku hawana cheo."

Akaeleza. Akatoa kadi kwenye bahasha, akampa. Mama hakuitazama alama kwanza. Aliigeuza nyuma.

"Hakuna kitu hapa."

"Palitakiwa kuwe na nini, madam?"

Akamkazia macho. "Unafanya upelelezi na hujui?"

"Sijawahi kupelekwa kozi. Nimeandika barua kumi na moja za kuomba."

"Wakajibu?"

"Moja. Waliniambia nitumie karatasi safi."

Nanyama hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, akavaa miwani. "Nyuma ya kadi unaandika mahali, siku, saa, na kitu ulichotolea alama. Na mshale wa kuonyesha juu ni wapi. Bila hayo kadi ni takataka. Hilo nililifundisha Alhamisi, siku ya nne. Huyu kijana wenu aliondoka Jumatano jioni."

"Kwenda kukutana na nani?" Khaemba alisogea karibu.

"Na nani? OCS wake alimpigia simu. Ati Alhamisi mkubwa anatoka mkoani kukagua kituo, aonyeshwe askari wa kisasa anayejua alama za vidole. Nikamwambia kijana, bado hujajua kitu. Akasema, mjomba ameshasema. Akaondoka na brashi yangu moja, na kadi."

Alhamisi, tarehe sita. Khaemba aliikumbuka vizuri. Siku hiyo alisimama njia panda tangu alfajiri, akizuia mikokoteni na punda ili msafara wa mkubwa upite. Msafara ulipita ukamwachia vumbi. Yaliyofanyika kituoni hakuyaona.

"Na cheti?"

"Mimi sikukitilia sahihi. Walipata mtu mwingine wa kutia." Mama aliinua kadi kwenye mwanga. "Alisema alama hii ni ya wapi?"

"Kioo cha dirisha."

"Uongo. Njoo uone. Unaona hii mistari miwili myeupe, imenyooka kutoka juu mpaka chini? Inakata kidole vipande vitatu."

"Naona."

"Kioo cha dirisha ni bapa. Kidole kingelala chote. Hapa kimeshika kitu cha mviringo chenye mifereji, na ile mifereji haikugusa ngozi." Akanyanyuka, akaingia ndani, akarudi na chupa tupu ya soda. "Wizara ilituma barua ya kufungua kozi, vioo haikutuma. Nikawaambia wanafunzi, saa nne mkinywa soda zenu, msirudishe chupa. Tutajifunzia hizo."

Khaemba aliitazama chupa. Aliitazama mifereji yake, inavyoshuka kutoka shingoni. Maneno ya seli yakamrudia, na safari hii hakuwa na mlango wa kuyabamizia.

*Ilifika nusu akaninyang'anya.*

"Lo," alisema. Akakaa chini, kwenye majani, katikati ya kuku.

"Umepata nini?"

"Alimpa mahabusu soda. Mbele ya mkubwa. Akachukua chupa, akatoa alama, wakapiga makofi. Kadi ikaingia bahasha, haina maandishi nyuma. Siku tatu baadaye Ngari akavamiwa. Nilidhani ni rushwa, madam."

"Rushwa ingehitaji akili kidogo."

Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Njama angeikamata, angeitia pingu. Huu ulikuwa uzembe mtupu, na uzembe ulikuwa na ofisi, na gari, na mtu wa kuufungulia mlango.

Nanyama akafungua kopo dogo la poda nyeusi, akamtia brashi mkononi. "Shika chupa. Haya, iweke. Sasa brashi, usisugue kama unapiga kiatu rangi. Zungusha, pole. Pole, nimesema. Eeh."

Kidole cha Khaemba kikatokea kwenye chupa, kimekatwa mistari miwili, sawa kabisa na kile cha kwenye kadi. Akakibandika seloteipu, akakihamishia kwenye kadi mpya, akaigeuza nyuma na kuandika: Myanga, tarehe ishirini na tisa Julai, chupa ya soda. Na mshale.

Ilichukua muda wa kunywa chai. Miaka ishirini na miwili aliomba kitu hiki.

"Hiyo brashi na kopo nenda nazo," mama alisema. "Kuku hawatazitumia."

*

Jumapili aliingia kituoni watu wakiwa kanisani, akafungua daftari kubwa la matukio, OB. Tarehe tano Julai, saa mbili usiku: Ekai, ulevi, ameingizwa seli. Tarehe sita, saa tano: mkubwa amekagua kituo, *ameonyeshwa utaalamu wa alama za vidole*. Tarehe sita, saa nane: Ekai ameachiliwa baada ya kufagia uwanja.

Tonny alikuwa zamu.

"Soda ya Ekai ulimpa tarehe sita," Khaemba alisema.

Kijana akaduwaa. "Eh, ile ya demo? Si ndio alikuwa anafagia. Singeambia mkubwa ashike chupa."

"Kadi ulipeleka wapi?"

"Ilikaa kwa bahasha. Halafu ile ya kwa Ngari nikaweka hapo. Zilikuwa mbili, Sajini. Moja ilikuwa imejipaka paka haionekani kitu. Ingine ilikuwa poa kabisa. Nikatuma ile poa..." Sauti ikaanza kumwishia. "Sajini. Wacha."

"Ndiyo hivyo."

"Lakini Nairobi walisema imefanana!"

"Lazima ifanane. Ni kidole chake."

Tonny alikaa kwenye benchi la walalamishi, mikono kichwani. Khaemba alitamani kumchapa, akashindwa hata kukasirika naye vizuri. Mtoto alikatwa masomo siku ya tatu akaambiwa ameshafuzu.

OCS Wekoye alisikiliza yote akiwa amesimama, shati la kanisani limembana tumbo. Alifunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe ulikuwepo, afande. Ulipiga makofi."

"Nilipiga makofi kwa kidole, sikujua ni cha nani! Mimi nilikuwa naangalia mkubwa kama amefurahi." Alijipangusa shingo. "Sikiliza, Khaemba. Mkoa wameshaandikiwa. Wanajua kituo chetu kimetatua mauaji kwa njia ya kisasa. Sasa niwaambie tulimkamata mtu kwa sababu ya chupa?"

"Mtu ataenda kamba, afande."

"Ni mlevi wa Kipsongo. Hata tukimwachilia, mwezi ujao atakuwa hapa tena."

"Kwa ulevi. Hatanyongwa kwa ulevi."

OCS alivuta droo. Akatoa karatasi, akaisukuma mezani taratibu, kama mtu anayelisha mbwa asiyemwamini. Ilikuwa fomu ya kozi ya upelelezi, Nairobi, miezi mitatu. Jina la Khaemba lilikuwa limepigwa chapa, na namba yake ya kazi, zote sahihi. Ilibaki muhuri.

"Ulidhani nimekusahau? Nafasi ni moja. Ukirudi ni Inspekta. Funga faili, kesho nagonga muhuri."

Khaemba aliishika fomu. Ilikuwa karatasi nzuri, nzito. Aliisoma yote, mpaka mistari midogo ya chini. Nje kwenye seli mtu alikohoa.

"Nipe fomu ya statement, afande," alisema.

"Ya nini?"

"Niandike niliyoyaona."

OCS alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Zimeisha. Unajua kituo hakina karatasi tangu Machi. Walalamishi wanajiletea."

Ilikuwa kweli. Khaemba aliangalia meza, akaangalia kabati. Kisha akaigeuza ile fomu ya Nairobi, akailaza juu ya goti, upande usio na maandishi, akatoa kalamu.

"Hiyo ndiyo ya mwisho!" OCS aliguta. "Khaemba! Hakuna ingine, unasikia?"

"Nasikia." Aliandika polepole, herufi kubwa kubwa za darasa la saba. Alipomaliza hakungoja ruhusa ya OCS. Alitoka mpaka kaunta, akayanakili yote kwenye OB, ambayo kurasa zake zina namba na haichaniki bila watu kuulizana. Tonny alikuwa pale. Hakuna aliyemwambia kitu. Alichukua kalamu, ile ya kijani, akatia sahihi chini kama shahidi. Safari hii mara moja tu.

*

Jumatatu mwendesha mashtaka alisoma karatasi ile mbele na nyuma, akaizungusha tena mbele kwenye fomu ya kozi, akaitia kwenye faili yake. Kesi haikusomwa. Kufika saa sita Ekai alikuwa nje ya lango la kituo, anafunga kamba ya kaptura.

"Afande."

"Nini tena?"

"Na ile nusu ya soda yangu?"

Khaemba alimpa pesa ya soda nzima, akamwambia aondoke kabla hajabadili mawazo.

Kwenye ubao wa matangazo palikuwa na karatasi mpya, muhuri bado unang'aa. Kozi ya upelelezi, Nairobi, miezi mitatu. *Kutokana na upungufu uliojitokeza katika utendaji, kituo kimempendekeza Konstebo Tonny.* Khaemba aliisoma mara mbili. Alitafuta tusi la kuitosha, hakulipata.

Alienda kwa Wacera kwa miguu. Mjane alikuwa nyuma ya kaunta, kitambaa cheusi kichwani, akipima mbegu za sukuma wiki.

"Ati mmemwachilia?"

"Hakuwa yeye, mama."

"Tangu Jumanne mnaniambia ni yeye. Hata mazishini juzi mkubwa wenu alisimama akasema ni yeye. Sasa unakuja kuniambia nini, Sajini? Bwanangu alijipiga chuma mwenyewe?"

"Ninakuja kuanza upya. Lile dirisha la mbele. Nataka kulitazama."

"Nimelipangusa. Wageni wa matanga walikuwa wanakuja, na yule kijana wenu aliliacha jeusi tititi." Aliweka kipimo chini. "Na wezi hawakupitia mbele, mimi nilimwambia. Walipitia stoo. Akasema stoo ni giza, kioo cha mbele kiko na mwanga mzuri."

"Na kioo cha stoo kilivunjika?"

"Hakikuvunjika. Walikwangua ile saruji laini ya pembeni, wakakitoa kizima, wakakiegemeza nyuma ya magunia ya mbolea. Kiko huko mpaka leo."

"Kuna mtu amekishika?"

"Nani akishike? Mimi siingii huko. Nilikuwa nangoja mtu aniulize."

Alimfungulia mlango wa nyuma. Khaemba alisukuma magunia kwa bega, moja, mawili. Kioo kilikuwa pale, vumbi la wiki tatu juu yake, na chini ya vumbi, mahali mtu alipokibeba kwa viganja viwili, palikuwa na vivuli. Akachuchumaa. Hakukigusa. Alitoa kadi nyeupe, akaigeuza, na kabla ya kufungua kopo la poda akaandika nyuma: mahali, siku, saa, kitu. Na mshale.